Risasi zipi zinaifaa Lee-Enfield No. 4 ya mwaka 1943?

Mlenga wa Calgary

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naishi Calgary nchini Kanada, ninayo leseni ya kumiliki na kununua silaha ambayo hapa tunaiita PAL, na ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Nimenunua bunduki ya kijeshi ya Waingereza, Lee-Enfield No. 4 Mk I*, iliyokuwa katika mirathi ya mzee mmoja aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia. Ubavuni kushoto imechapwa LONG BRANCH na mwaka 1943. Mbao zake hazijakatwa, tofauti na nyingi zilizopunguzwa ili ziwe nyepesi kwa uwindaji, na mtutu ukiutazama kwenye mwanga unang'aa, ingawa karibu na chemba, yaani tundu la nyuma inamokaa risasi, una weusi kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, kwa hiyo bunduki ya ukoo huu sikuinunua ili niitundike ukutani. Nataka kuipiga, kwa kiasi na kwa usalama.

Pamoja nayo nilikabidhiwa mkanda wa kitambaa wa kuvaa begani, wenye mifuko mitano, na kila mfuko una klipu mbili za risasi tano tano. Risasi zenyewe zimegeuka rangi ya kahawia, chache zina madoa ya kijani karibu na ukingo wa ganda, na vitako vyake vina herufi na tarakimu ambazo sizielewi. Aliyeniuzia alisema kwamba risasi za jeshi hazizeeki. Dukani nako nimeona za kiwandani za siku hizi: za PPU ya Serbia zenye kichwa cha greni 174 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), za Sellier & Bellot ya Ucheki zenye greni 180, na za kuwindia zenye greni 150 na ncha laini. Kwenye baadhi ya maandishi ya mtandaoni naona risasi hii ikiitwa 7.7x56R badala ya .303, jina la kawaida la risasi za bunduki hii, jambo linalonitia wasiwasi kwamba huenda ni kitu kingine.

Naomba kuelezwa mambo haya: je, zile za zamani zinafaa kupigwa? Kati ya mpya, ni ipi inayokaribia ile ambayo bunduki hii ilitengenezewa? Na kuna lolote ninalopaswa kukagua kwanza kabla ya kupiga hata moja?

Fundi wa Ontario

Ndugu yangu, karibu. Kazi yangu ni ufundi wa bunduki, na zaidi ya nusu ya bunduki kongwe zinazopita mezani kwangu ni za ukoo huu, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza na swali lako la mwisho.

Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kitakoni, na ukingo huo ndio unaolishikilia ganda lisizame chembani. Nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, na mahali ukingo unapokaa ndiyo inayoamua kama ganda litabanwa vizuri wakati baruti inapowaka. Ikizidi, ganda hurushwa nyuma, huvutika, na mwisho hukatika sehemu ya chini, karibu na kitako, na gesi moto hutafuta njia ya kutokea kuelekea usoni mwa mpigaji. Katika No. 4 kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungushwa, nacho kilitengenezwa kwa vipimo vinne, kuanzia namba 0 hadi namba 3, ili fundi wa jeshi aweze kurekebisha nafasi hiyo bila kubadilisha bolti nzima. Ubaya wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kukifungua na kuweka kingine, na kwa miaka themanini watu wamefanya hivyo. Angalia kwanza kama namba iliyochapwa kwenye mkono wa bolti inalingana na ile iliyo kwenye mwili wa bunduki. Hata kama zinalingana, mpelekee fundi aipime kwa vipimo vya chuma. Kwa vipimo vya kijeshi, bolti ifunge juu ya kile cha inchi 0.064 na ikatae kufunga juu ya kile cha inchi 0.074. Ni kazi ya dakika chache, na mimi singepiga bunduki kongwe ambayo haijapimwa, hata ningeipewa na ndugu yangu wa damu.

Baada ya hapo, hakikisha kwamba ni .303 kweli. Kwako sina shaka sana, kwa sababu Long Branch ilikuwa karibu na Toronto na No. 4 zilizotoka huko vitani ni .303, lakini nalisema kwa ajili ya watakaosoma baadaye. Wapo waliobadilisha mitutu. Ipo bunduki ya Ishapore ya India, 2A na 2A1, ambayo mtu asiyezoea ataiita Lee-Enfield na asikosee, lakini inatumia 7.62 ya NATO. Ipo pia Pattern 14 ya .303 na pacha wake M1917 wa Marekani wa .30-06, risasi nyingine kabisa, ambao kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Uingereza yenyewe, ilipowapa walinzi wa nyumbani zile M1917 wakati wa vita, ilizipaka mstari mwekundu ili mtu asije akazitia risasi ya.303. Na No. 4 nyingine zilitengenezwa Marekani na kiwanda cha Savage, zikachapwa U.S. PROPERTY. Mwenye hiyo akienda dukani akaomba "ya .303 ya Savage" anaweza kupewa .303 Savage, risasi ya uwindaji ya kampuni hiyohiyo, isiyohusiana kabisa na hii.

Hilo la 7.7x56R lisikutishe. Ni risasi ileile kwa vipimo vya milimita: mdomo wa 7.7, ganda la urefu wa 56, na R ya ukingo. Wajapani, kwa jeshi lao la majini, waliitengeneza hivyohivyo kwa sababu walikuwa wamechukua bunduki za rashasha za Lewis na Vickers. Jihadhari tu na 7.7x58 ya jeshi lao la nchi kavu, inayotumika katika bunduki ya Type 99, kwa kuwa hiyo ni nyingine na haina uhusiano na yako.

Sasa zile za mkandani. Aliyekuambia kwamba risasi za jeshi hazizeeki amechanganya mambo. Baruti iliyohifadhiwa mahali pakavu na penye ubaridi inaweza kudumu miaka mingi mno, hilo ni kweli. Lakini huwezi kujua hizo zimekaa wapi: huenda zilikuwa darini zikaiva kila kiangazi, au ghalani zikanyonya unyevu kila masika. Fataki, yaani kile kidonge kilicho katikati ya kitako kinachogongwa na pini, ndiyo hutangulia kuchoka. Ganda la shaba nalo hupata nyufa shingoni. Na risasi nyingi za Uingereza za wakati huo zilijazwa kodaiti, ambayo si unga wala punje. Ni nyuzi ndefu za kahawia zilizofungwa pamoja kama tambi, zikatiwa ndani ya ganda kabla shingo haijabanwa. Kodaiti huwaka kwa joto kali na hula mtutu upesi kuliko baruti za siku hizi, na huenda ndiyo iliyoacha ule weusi unaouona karibu na chemba.

Kabla hujauliza zaidi, zipanguse kwa kitambaa kikavu, usizisugue kwa dawa wala mashine, kisha utuandikie kila kilichochapwa kwenye vitako na rangi ya duara inayozunguka fataki. Zenye madoa ya kijani zitenge leo hii. Hizo hazina mjadala.

Mlenga wa Calgary

Fundi, nashukuru sana. Bunduki nimeshaipeleka kwa fundi wa hapa. Namba zinalingana, kichwa cha bolti ni namba 1, na imekubali na kukataa vile vipimo ulivyovitaja kama inavyotakiwa.

Risasi ziko za aina tatu. Nyingi zimeandikwa DI, herufi Z na mwaka 1943. Nyingine zimeandikwa DAC, 1942 na VII. Klipu moja tu ni tofauti kabisa: imeandikwa POF na mwaka wa katika miaka ya 1960, ambazo bila shaka mzee alizinunua baada ya vita. Duara la fataki ni la zambarau kwenye zile ambazo rangi haijafutika.

Fundi wa Ontario

Zambarau ni risasi ya kawaida, kwa hiyo hapo hakuna hatari ya pekee. Ingekuwa nyekundu ingemaanisha risasi yenye kuacha mwanga njiani, kijani ni ya kutoboa chuma, na buluu ni ya kuwasha moto, ambayo kumiliki kwake hapa Kanada ni kosa. Mwenye kuipata awapigie polisi simu waje kuichukua, asiibebe mwenyewe garini.

VII ni Mark VII, iliyoingia jeshini mwaka 1910 na kubaki risasi ya kawaida ya .303 mpaka mwisho. Kichwa chake ni cha greni 174, chenye ncha kali na kitako bapa, na huondoka kwa kasi ya takribani mita 744 kwa sekunde. Ukikipasua kwa urefu utashangaa: sehemu ya mbele, chini ya koti la chuma, haina madini ya risasi bali alumini au hata mbao iliyosagwa, ili uzito ukae nyuma. Vilengeo vya bunduki yako vilipimwa kwa risasi hiyo. Kama ungekuta VIIIZ ningekuambia uiache, kwa sababu Mark VIII ilitengenezwa kwa ajili ya rashasha ya Vickers ili ifike mbali zaidi, ina msukumo mkubwa na kitako kilichochongoka, na kwenye mtutu uliokwisha kuliwa na kodaiti haikai vizuri.

Z humaanisha baruti ya nitroselulosi badala ya kodaiti. DI ni kiwanda cha Defence Industries cha hapahapa Kanada, na zile za DI zenye Z ni miongoni mwa .303 chache za wakati wa vita zenye fataki ya mtindo wa Boxer isiyoacha chumvi ya kutia kutu mtutuni. Ndiyo maana wakusanyaji huzithamini. DAC ni Dominion Arsenal, nazo uzichukulie kuwa na fataki babuzi, yaani inayoacha chumvi hiyo. POF ni viwanda vya silaha vya Pakistani, na hapo namwachia mwingine aseme, maana naona Mzee wa Nanyuki yumo jukwaani.

Ushauri wangu ni kwamba usipige yoyote kati ya hizo. Za DI zina thamani zaidi zikiwa ndani ya mkanda wake kuliko zikiwa maganda matupu chini ya benchi la klabu, na mkanda wenye risasi za mwaka mmoja na bunduki ni kitu ambacho utakuwa na furaha ya kukirithisha.

Mzee wa Nanyuki

Salamu kwenu nyote, na kwako Fundi. Huku Kenya bunduki hii tunaiita Mark Four, na wapo askari wa akiba waliokuwa wakiibeba kulinda mifugo muda mrefu baada ya majeshi makubwa kuisahau. Nimefundisha watu kuitumia.

Risasi za POF zina sifa moja inayojulikana na kila aliyewahi kuzipiga kwa wingi: unavuta kifyatulio, unasikia pini ikigonga, "tak", halafu kimya, kisha mlipuko. Wakati mwingine kimya hicho ni kifupi kiasi cha kukosesha shabaha tu. Wakati mwingine ni kirefu kiasi kwamba mtu asiyefundishwa huinua uso, hushusha mtutu, au hushika bolti ili aone kuna nini. Risasi ikilipuka bolti ikiwa imefunguliwa nusu, ganda hupasuka nje ya chemba na vipande vya shaba huingia machoni.

Kwa hiyo yeyote anayepiga risasi kuukuu za kiwanda chochote ajizoeze jambo hili mpaka liwe tabia: ukisikia pini imegonga na risasi haikulia, baki ulivyo, mtutu ukielekea kwenye shabaha, bega likiwa kwenye kitako, na uhesabu polepole hadi dakika moja iishe. Ndipo ufungue bolti, uso ukiwa pembeni. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, kama mtu aliyefungua chupa, usitie nyingine. Ondoa bolti utazame ndani ya mtutu kutokea nyuma, kwa sababu kichwa cha risasi huenda kimekwama njiani, na kinachofuata kikikikuta hapo mtutu utavimba au kupasuka. Mpigaji mwenye haraka ndiye anayeumia hapo, kwa sababu mkono umeshazoea kuvuta na kusukuma bolti kabla akili haijauliza.

Kijana wangu, hizo risasi za POF ziweke kando. Na ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaosoma mjadala huu wasijaribu kuiga habari za mirathi na mikanda ya risasi. Huku risasi hununuliwa kwa kibali kinachotaja silaha na idadi, na mtu akikuta risasi za mababu sandukuni, mahali pake ni kituo cha polisi.

Bi. Shabaha (Minnesota)

Shikamoo Mzee, na wengine habari zenu. Kaka wa Calgary, mimi hushindana katika michezo ya bunduki za kijeshi za zamani na No. 4 ndiyo niipendayo, kwa hiyo nitajibu lile swali la kati, kuhusu risasi mpya.

Zote tatu ulizoziona ni salama katika bunduki iliyopimwa. Zinatengenezwa kwa kiwango cha sasa cha .303 British, zina fataki ya Boxer, na haziachi chumvi. Swali lililobaki ni ipi mtutu wako utaipenda, na jibu lake halimo kwenye boksi.

Jina lisikudanganye: .303 ni kipimo cha mtutu kabla ya kuchongwa mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Ukipima kutoka sakafu ya mfereji mmoja hadi mwingine unatarajia karibu inchi .311 au .312, lakini mitutu ya wakati wa vita ilipitishwa kwa upana mkubwa, na mingine hufika .315 au zaidi. Vichwa vya risasi vya kiwandani huwa na .310 hadi .312. Kichwa chembamba katika mtutu mpana huyumba, gesi hukipita ubavuni, na matundu kwenye karatasi ya shabaha hutawanyika au hutokea marefu kwa sababu kichwa kimefika kikiwa ubavu. Mtutu ukiwa wa namna hiyo, kitako cha kichwa cha risasi ndicho kinachoamua. Kitako bapa, kama kile cha Mark VII, hupanuka kinaposukumwa na gesi na kuziba mifereji. Kitako kilichochongoka mithili ya tezi ya mashua hakipanuki hivyo. Na hapa ndipo penye utani wa mambo: risasi ya PPU yenye greni 174, inayoonekana kwenye karatasi kuwa nakala ya Mark VII, ina kitako kilichochongoka. Katika mtutu mzima hupiga vizuri sana, nami naitumia. Katika mtutu uliolika huenda risasi ya kuwindia yenye kitako bapa ikaishinda, ingawa haifanani na ya jeshi hata kidogo.

Hesabu mifereji yako. No. 4 ya kawaida ina mitano, lakini Long Branch na Savage, ili kuharakisha kazi wakati wa vita, walitoa mitutu mingi yenye miwili tu. Usisikitike ukikuta ni miwili. Mingi hupiga vizuri kabisa. Yenye miwili hata kuipima ni rahisi: unasukuma kipande cha madini laini ya risasi kupitia mtutu uliopakwa mafuta, kisha unakipima kwa mikrometa, kwa kuwa mfereji unakabiliana na mfereji. Katika mitano, kila mfereji unakabiliana na tuta, na kipimo cha kawaida hukudanganya.

Ningenunua boksi moja la kila aina na kuzipiga kwa umbali wa yadi 100, mtutu ukiachwa upoe kati ya kundi na kundi, na karatasi mpya kwa kila aina. Ile ya greni 150 naiweka mwisho. Ni nyepesi, hupiga mahali tofauti na vilengeo vinavyosema, na faida yake pekee kwako ni kwamba haipigi bega sana.

Maganda usiyatupe. Chemba za Lee-Enfield zilifanywa kubwa makusudi, ili bunduki ifunge hata ikiwa na matope au risasi iliyopondeka, na kwa hiyo ganda jipya hutoka likiwa limevimba mbele kuliko lilivyoingia. Wanaojijazia risasi wenyewe wakilirudisha ganda zima katika umbo la kiwandani kila mara, linavutika tena na tena mpaka linakatika. Mimi hubana shingo tu na kuacha sehemu iliyobaki kama chemba ilivyoliumba, halafu silitumii katika bunduki nyingine. Kila ganda hulikagua kwa waya mwembamba uliopindwa ncha: unauingiza ndani na kuukwaruza ukutani kuelekea kitakoni, na ukihisi mfereji unaozunguka, au ukiona kwa nje mstari mng'avu kiasi cha sentimita moja juu ya ukingo, ganda hilo limekwisha. Ila kazi hiyo ianze baada ya kuizoea bunduki yenyewe. Kwa mwaka wa kwanza za kiwandani zinakutosha.

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu litakusumbua siku ya kwanza uwanjani. Risasi zenye ukingo zikipangwa vibaya magazinini hukamatana: ukingo wa ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ya chini, bolti inaisukuma na haiendi, na mtu huanza kuitukana bunduki. Ukitia moja moja, hakikisha kila ukingo unakaa mbele ya ule ulio chini yake. Ukitumia klipu za jeshi zilizo kwenye mkanda wako, zikipangwa tatu chini na mbili juu kwa kupishana, zitaingia sawasawa.

Msomaji wa Tanga

Naomba niingilie kidogo, kwa kuwa mjadala umenikumbusha mambo ya kwetu. Novemba 1914, Waingereza waliposhindwa hapa Tanga na kurudi melini, waliacha mamia ya bunduki na zaidi ya risasi laki tano. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zenye baruti nyeusi; kila wakipiga, wingu la moshi linawaonyesha walipo. Kupata bunduki za .303 pamoja na risasi zake kulikuwa na maana kubwa kwao, maana bunduki bila risasi yake ni rungu tu. Fundi, nina swali: hao askari waliopiga risasi zenye fataki babuzi katika hali ya hewa ya pwani hii, mitutu yao ilisalimikaje?

Fundi wa Ontario

Kwa maji moto, ndugu yangu. Fataki za wakati huo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikishaungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayofanana sana kitabia na ya mezani. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani na kutia kutu, na kwa hewa ya Tanga kutu ingeonekana kesho yake asubuhi. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu, nayo huendelea kula chuma chini yake. Kwa hiyo jeshi la Uingereza lilifundisha kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kutokea upande wa chemba kwa faneli, kisha kuvuta kitambaa kikavu kwa ile kamba yenye uzito wa shaba inayohifadhiwa ndani ya kitako cha bunduki, na mwisho kitambaa chenye mafuta. Joto la maji lina kazi yake pia, kwa sababu chuma kikipata moto hujikausha chenyewe. Wapo wanaosifia dawa za kusafishia vioo kwa ajili ya amonia iliyomo. Kinachofanya kazi hapo ni maji.

Kwa Mlenga wa Calgary, ukipiga risasi mpya hulazimiki kufanya hivyo, lakini uso wa bolti na mtutu upanguse siku ileile. Na kwa kuwa mwenye mali aliyetangulia huenda alipiga zile za DAC bila kuosha, ningeosha mara moja kwa maji moto kabla ya kuanza, nikakausha, nikapaka mafuta, na kuyapangusa tena kabla ya risasi ya kwanza.

Mlenga wa Calgary

Nimeosha, na vitambaa vya mwanzo vilitoka vyeusi kwa kahawia. Mifereji ni miwili. Jumamosi nilipiga za PPU kwa yadi 100: kundi ni dogo kuliko nilivyotarajia, matundu ni ya duara safi, lakini yote yako juu ya shabaha kwa zaidi ya kiganja. Kilengeo changu cha nyuma ni kile cha kupinduka, chenye matundu mawili. Je, hilo ni kosa la risasi?

Fundi wa Ontario

Risasi haina kosa. Kilengeo hicho kina tundu la yadi 300 na tundu la yadi 600, basi, nalo la 300 lilipimwa singe ikiwa imefungwa mtutuni. Wewe umepiga kwa 100 bila singe, kwa hiyo kwenda juu ni kawaida. Una njia mbili. Ya kwanza ni kulenga chini ya shabaha kwa kiasi hichohicho na kuiacha bunduki kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili ni kumwomba fundi akubadilishie ubapa wa kilengeo cha mbele. Vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali vikipishana inchi 0.015, na kirefu zaidi kitashusha matundu. Ukichagua hiyo ya pili, kile cha zamani kihifadhi pamoja na mkanda. Na kabla ya kubadilisha chochote, maliza kwanza boksi la greni 180, usije ukapima kilengeo kwa risasi ambayo hutaitumia.